Hodi Kinole: Mgeni wa Chuo Afikishwe Mlimani

Kila mwaka, Oktoba inapoelekea ukingoni, kituo cha mabasi cha Msamvu mjini Morogoro hujaa sura ngeni. Mabasi ya Mwanza, Mbeya, Arusha na Mtwara hushusha vijana wenye godoro lililoviringishwa, ndoo mpya na bahasha ya vyeti iliyobanwa kwapani. Huyu anaelekea Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA. Yule anakwenda Mzumbe. Mwingine Chuo Kikuu cha Waislamu, na mwingine Jordan, chuo cha mapadre Wasalvatori kilichopanda daraja mwaka 2010 na kuwa chuo kikuu kishiriki cha Mtakatifu Augustino. Kwa siku kadhaa mji mzima unajua kwamba mwaka wa kwanza wameingia.

Asubuhi hiyohiyo, upande wa Bigwa, magari ya mizigo yanaingia mjini kutoka milimani. Yametoka Kinole, kata ya Wilaya ya Morogoro iliyo upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, upande unaopokea upepo wa Bahari ya Hindi na mvua zake. Yamebeba mikungu ya ndizi, machungwa, mafenesi, na magunia ya pilipili manga na mdalasini. Sehemu ya mzigo huo inaishia katika soko kuu la mji, lile jengo la ghorofa lililozinduliwa mwaka 2021 na kupewa jina la Chifu Kingalu. Kingalu ni jina la utawala wa Kinole. Hurithiwa, kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, kwa desturi ya Waluguru wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama. Waliolibeba walisifika tangu kale kwa kuomba mvua, sifa iliyovuka mipaka ya Uluguru.

Mwanafunzi mpya ananunua ndizi zake pale, chini ya jina hilo, na anaweza kumaliza miaka mitatu au minne ya shahada bila mtu yeyote kumwonyesha Kinole iko wapi. Mhadhiri mpya anaweza kustaafu bila kuambiwa. Hapo ndipo mazungumzo haya ya leo yanapoanzia, msikilizaji: vyuo vya Morogoro vinakaribisha wageni wao, tena kwa moyo, lakini ukaribisho wenyewe unaishia getini.

Wiki ya kwanza chuoni ina shughuli zake zinazojulikana. Makamu Mkuu wa Chuo anahutubia. Mlezi wa wanafunzi anaeleza kanuni za mabweni na mavazi. Ofisa wa mikopo anaeleza namna ya kusaini ili fedha za kujikimu, bumu kwa lugha ya wanafunzi, zitoke kwa wakati. Maktaba inafunguliwa, zahanati inaonyeshwa, viongozi wa serikali ya wanafunzi wanajitambulisha. Jioni, vitandani, ndipo elimu nyingine inapotolewa: somo gani lina sapu, yaani mitihani ya marudio, nyingi, mwalimu gani hana mzaha, nani yuko hatarini kupata disko, yaani kuondolewa masomoni, na jinsi ya kubebana chumbani pale ambapo kitanda kimoja kinalaza wawili kwa sababu mabweni hayatoshi. Haya yote ni ya lazima. Mtoto aliyetoka Ngara au Newala hawezi kuanza masomo bila kuyajua, na wanaoyafundisha wanastahili shukrani.

Hali ya mwalimu mpya ni ngumu zaidi, na haisemwi. Mhitimu aliyefaulu vizuri anaajiriwa kama mkufunzi msaidizi, anapewa barua, ufunguo wa chumba anachokitumia na wenzake, na orodha ya vipindi vya mazoezi ya kusimamia. Wiki mbili nyuma alikuwa mwanafunzi wa mtu. Leo ni mwenzake. Namna ya kukaa naye mezani, ya kumpinga kwa heshima katika kikao cha idara, ya kuandika pamoja naye, hayo anajifunza kwa kubahatisha. Katika vyuo vya kale vya Cambridge, mwanazuoni anayepokewa katika jumuiya husimamishwa mbele ya wenzake, husoma tamko, husaini daftari, kisha hukaribishwa kula nao meza moja. Sherehe yenyewe si kitu cha kuigwa Morogoro kwa joho na Kilatini chake. Lakini wazo lililo ndani yake lina thamani: mtu anaingizwa katika watu, mbele ya macho ya watu, na tangu siku hiyo wana haki juu yake na yeye ana haki juu yao.

Waluguru hawakuhitaji kufundishwa wazo hilo. Milimani kwao, mtu hapati shamba kwa kulitamani. Ardhi ni ya ukoo, na mgeni anayetaka kulima anapitishwa kwa wakubwa wa ukoo wenye eneo, anaelezwa mipaka, anaelezwa miti isiyokatwa na mahali pasipolimwa. Kijana wa kike hatoki uwali kimyakimya. Anatolewa kwa ngoma, na kila jirani anajua kuwa sasa ni mtu mzima. Na yeyote anayelirithi jina la mkubwa wa ukoo anarithi pamoja nalo madeni, ugomvi na ahadi za aliyemtangulia. Hii ni jamii inayojua kwa undani jinsi ya kumfanya mgeni awe mwenyeji. Vyuo vikuu vimejengwa miguuni pake.

Historia ya elimu ya juu nchini inaonyesha kwamba hapo mwanzo umbali kati ya chuo na watu ulikuwa mdogo. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi ambao hawakufika ishirini. Hakikuwa na majengo yake. Kilianzia katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, mtaa wa wapita njia, wauza magazeti na wanasiasa. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka uliofuata kikahamia Mlimani. Majengo yalikuwa mazuri. Mtaa ukabaki mbali.

Morogoro ilifuata njia yake. Chuo cha kilimo kilianza kutoa stashahada mwaka 1965, chini ya mteremko wa Uluguru, kilomita chache kutoka katikati ya mji. Miaka michache baadaye kikafanywa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari karibu na Dakawa, mkoani humohumo, na ilipofika Julai chuo kikuu kipya kilikuwa kimezaliwa kikiwa na jina lake. Makamu Mkuu wake wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari, alipokea jumuiya ndogo iliyokuwa inafahamiana kwa majina. Leo jumuiya hiyo ina maelfu ya wanafunzi, na imejulikana duniani hata kwa panya wake: Magawa, panya buku aliyezaliwa na kufunzwa Morogoro na shirika la APOPO lenye makao hapohapo SUA, alitunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kunusa mabomu ya ardhini huko Cambodia.

Lakini ukitaka kuona Morogoro ilivyowahi kumpokea mgeni, nenda Mazimbu.

Juni 1976 watoto wa shule wa Soweto, Afrika Kusini, walipigwa risasi kwa kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Baadhi ya waliobaki hai walivuka mipaka kwa mamia, wengi wakiwa vijana wadogo wasio na cheti wala hati ya kusafiria. Chama cha ANC, ambacho tayari kilikuwa na makazi Morogoro na kilifanya mkutano wake mkubwa hapo mwaka 1969, kilihitaji mahali pa kuwasomesha. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania ikatoa shamba la mkonge lililoachwa pale Mazimbu, nje kidogo ya mji. Mkuu wa Mkoa wa wakati huo alikuwa Anna Abdallah, na jina lake linatajwa kwa heshima kila historia ya Mazimbu inaposimuliwa. Hapakuwa na shule. Palikuwa na magofu, nyasi na mkonge.

Walijenga wenyewe, pamoja na mafundi na vibarua wa Kitanzania. Aprili 6, 1979, Solomon Mahlangu, mpiganaji wa ANC wa miaka 22, alinyongwa Pretoria, na shule ikapewa jina lake. Miaka ilivyokwenda pakawa na madarasa, nyumba, hospitali, karakana ya samani na shamba lililowalisha. Mwaka 1982 makazi mengine yakaanzishwa Dakawa. Oliver Tambo, rais wa ANC, alikuja kuifungua rasmi shule ya Mazimbu mwaka 1985, ingawa wakati huo ilikuwa imeshasomesha kwa miaka kadhaa. Kisha, Julai 1992, baada ya milango ya magereza ya Afrika Kusini kufunguliwa, ANC ikakabidhi vyote kwa Tanzania: majengo, mashamba, barabara, na makaburi. Majengo yakapewa SUA. Ndiyo Kampasi ya Solomon Mahlangu ya leo, ambamo walimu watarajiwa na wanasayansi wa taifa hili wanasomea.

Ukaribisho ule haukuwa mkamilifu. Wageni na wenyeji waliishi kwa sehemu kubwa wametengana, kwa sababu za usalama na za lugha. Wapo watoto waliozaliwa na mama wa Morogoro na baba wa Afrika Kusini, na baadhi ya baba hao waliondoka bila kurudi. Hilo nalo ni sehemu ya historia na linapaswa kusemwa kwa ajili ya watoto hao na mama zao. Hata hivyo nchi maskini ilitoa ardhi yake kwa watu isiowajua, ikawaacha waendeshe shule yao kwa mtaala wao, ikabeba hatari ya kushambuliwa kwa ajili yao. Hakuna chuo duniani kinachoweza kumpa mgeni makaribisho makubwa kuliko hayo.

Sasa fikiria mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayehamia Mazimbu na kupita karibu na makaburi yale kila siku akienda darasani. Ni saa moja tu inayohitajika kumpeleka, kumsomea majina, kumweleza ni nani waliolala pale na kwa nini hawakurudi kwao. Saa hiyo iwekwe katika ratiba ya wiki ya utambulisho, kwa kila mwanafunzi na kila mwalimu, na isiachiwe wale wanaotokea kuwa na hamu.

Kutoka Mazimbu turudi milimani, kwenye historia chungu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakoloni Waingereza walikuwa na wasiwasi wa kweli kuhusu Uluguru. Mvua kubwa ya milima ilikuwa inaosha udongo, na Mto Ruvu, unaozaliwa humo, ulikuwa unaubeba hadi pwani. Wataalamu wao wakaja na mpango wa matumizi ya ardhi. Kila mwenye nguvu alitakiwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye shamba lake, siku kadhaa za kila wiki, na asiyechimba alipigwa faini. Mpango ulikuwa na fedha, na watumishi, na imani kubwa ya walioutunga.

Ulikosa kitu kimoja. Hakuna aliyekaa na wakulima akawauliza udongo wao una kina gani. Mahali pengi milimani udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba juu ya udongo mwekundu usiozaa, na ukilichimba tuta la ngazi bila samadi unaugeuza: rutuba inafukiwa, udongo tasa unabaki juu. Wanawake waliokuwa wanalima waliliona hilo msimu wa kwanza tu. Walisema. Hawakusikilizwa, na watawala wa jadi walioteuliwa na serikali, wakiongozwa na Sabu bin Sabu, walilazimishwa kusimamia kazi ambayo watu wao waliichukia. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, milimani humohumo, kupinga. Polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa. TANU, iliyokuwa imetimiza mwaka mmoja tu, ikapata milimani wafuasi ambao hakuna hotuba ingeweza kuwaleta kwa wingi ule.

James Brain, Mwingereza aliyefanya kazi Uluguru enzi hizo na baadaye akawa mwanaanthropolojia, aliandika juu ya kushindwa kwa mpango huo. Baada yake mtafiti Pamela Maack alirudi kwa wazee na kuwasikiliza wakieleza kwa nini walikataa matuta. Wote wawili walieleza mambo ambayo mtu wa Kinole au Matombo angeweza kumweleza bwana shamba mwaka 1950, barazani, kama bwana shamba angepiga hodi na kuketi.

Wapo watakaosema wale walikuwa wakoloni, na sasa wataalamu ni wetu. Ni kweli, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini msomi kijana wa Kitanzania anayefika kijijini akiwa na dodoso la kurasa kumi na mbili, anauliza umri, idadi ya mbuzi na kipato cha mwezi, anashukuru na kuondoka, asionekane tena, naye hajapiga hodi. Ameingia tu. Vijiji vya Uluguru vinavijua vyuo vya Morogoro kwa sura hiyo kuliko sura nyingine yoyote. Wamehesabiwa mara nyingi. Shahada zimepatikana kwa majibu yao. Ni mara chache mno tasnifu imerudi kijijini kusomwa hata kwa muhtasari.

Hodi iliwahi kupigwa vizuri, na ilipigwa hapahapa. Mwaka 1993 wakulima 22 kutoka mikoa ya Morogoro, Iringa, Tanga, Mbeya, Kilimanjaro na Dodoma walikutana Morogoro kwa msaada wa walimu wa SUA. Walikuwa wakulima wabunifu, kila mmoja akiwa na jambo alilolijaribu shambani kwake na likafaulu. Kutokana na mkutano huo ukazaliwa Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania, MVIWATA, ambao kaulimbiu yake inasema mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Mtandao huo ulikua ukaenea nchi nzima. Ulishiriki kujenga masoko ya jumla vijijini: Kibaigwa kwa mahindi, Nyandira kwa mboga za Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru, na kwa upande huu wa mashariki Tawa na Tandai, ili mwenye ndizi asilazimike kuuza shambani kwa bei ya dalali.

Tazama vizuri kilichotokea. Chuo kikuu kilipokea wanajumuiya wapya 22 ambao hawakuwa na namba ya usajili. Hawakukaa madarasani kusikiliza. Wao ndio walioeleza, na walimu ndio walioandika. Katika mwaka huohuo SUA ilianzisha mradi wake wa kuendeleza kilimo milimani Uluguru, uliojulikana kama UMADEP, na kwa miaka mingi watumishi wake waliishi na kufanya kazi na vikundi vya wakulima hukohuko juu. Kabla yake, mwishoni mwa miaka ya 1980, mbuzi wa maziwa kutoka Norway walipelekwa Mgeta kwa kushirikiana na SUA, wakakubaliwa, na hadi leo maziwa ya mbuzi ni sehemu ya maisha ya Mgeta. Wakubwa waliofanya kazi hizo wengi wamestaafu au wametangulia mbele ya haki. Mkufunzi msaidizi aliyeajiriwa mwaka huu hajui majina yao, na hajui kwamba anarithi ahadi walizoziweka.

Hata matuta yalirudi. Kati ya 2006 na 2012, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango Kibungo Juu, milimani humohumo, ambapo watumiaji wa maji ya Ruvu walioko Dar es Salaam, wakiwamo shirika la maji la jiji, DAWASCO, waliwalipa wakulima wanaohifadhi udongo. Safari hii wakulima walikaa vikao, wakachagua wenyewe kati ya matuta ya ngazi, matuta ya fanya juu, kupanda miti na kilimo mseto, na wakachimba. Vizazi viwili tu nyuma babu zao walikuwa tayari kukabili bunduki kuliko kuchimba tuta. Milima ni ileile, mvua ni ileile, na jembe halikubadilika sana. Kilichobadilika ni jinsi mgeni alivyoingia.

Kwa hiyo ombi linaloletwa leo kwa wakuu wa vyuo vya Morogoro ni la siku moja. Katika wiki za mwanzo za mwaka wa masomo, kila mwalimu mpya apelekwe kijiji kimoja cha Uluguru, na vijiji vya kata ya Kinole viwe miongoni mwao. Walimu wapya kwa mwaka si wengi; basi moja linawatosha. Wanafunzi ni wengi na hawawezi kwenda wote kwa mkupuo, wala kijiji hakiwezi kuwabeba. Waende kwa makundi, kitivo kwa kitivo, wagawanywe vijiji mbalimbali, na wale wa kilimo, misitu na mifugo watangulie. Wa Mzumbe wanaosomea utawala wana la kujifunza katika ofisi ya kijiji ambalo halimo kitabuni. Chuo chao chenyewe kilianza mwaka 1953 kikiwafunza watumishi wa serikali za mitaa.

Ratiba ya siku hiyo isitungwe chuoni. Wenyeji waitunge. Mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wapelekewe barua mapema na wapewe nafasi ya kusema hapana, kwa sababu ipo misimu ambayo kila mtu yuko shambani na ugeni ni usumbufu. Wakikubali, wageni wasikie kwanza. Mama anayelima migomba kwenye mteremko wa kutisha awaeleze jinsi anavyozuia udongo usiteremke. Mwenye mdalasini awaeleze anavyobandua gome na nani ananunua. Wazee waeleze Matombo ya 1955, maana wanaoikumbuka wanapungua kila mwaka. Mwenye malalamiko dhidi ya watafiti waliopita naye ayatoe, na mwalimu mpya ayasikie akiwa bado mgeni, kabla hajajenga kinga. Chakula kigharimiwe na chuo. Si haki kijiji kilishe basi zima la watu wenye mshahara.

Watu wa bajeti watauliza faida. Itapatikana hata kwa hesabu zao. Mtafiti aliyetambulishwa hapotezi muda wake wa kwanza uwandani akishukiwa. Takwimu anazopewa zinakuwa za kweli zaidi, kwa sababu mkulima hampi majibu ya kumfurahisha mgeni ili aondoke upesi. Mwanafunzi aliyeona chanzo cha maji kwa macho yake anaelewa mhadhara wa mabonde ya mito kwa dakika tano badala ya saa nzima. Na mji wa Morogoro wenyewe, unaotegemea maji ya milima hii, kama Dar es Salaam inavyoitegemea Ruvu, unahitaji wasomi wanaoijua milima kwa miguu.

Kuna jambo jingine ambalo bajeti haiwezi kulipima. Kinole ina watoto wake. Wanasoma sekondari, baadhi wanafaulu, na wachache wanashuka kwenda kusajiliwa kwenye vyuo ambavyo taa zake wakazi wa milimani wameziona usiku maisha yao yote. Wanafika pale wakiwa wageni kama aliyetoka Ngara. Wanakaa mhadharani na kusikia, kwa Kiingereza, kilimo cha mama zao kikielezwa kama tatizo la mmomonyoko. Hakuna anayewauliza, kwa kuwa hakuna anayejua kwamba mtaalamu wa suala hilo ameketi safu ya nne. Mwalimu aliyefika Kinole angejua. Angemwita kwa jina, angemwambia asimame aeleze, na darasa lingemsikiliza mtoto wa Mluguru akifundisha juu ya Uluguru katika chuo kilichojengwa Uluguru.

Jambo hili halisubiri sheria wala mfadhili. Mkuu wa idara mmoja anaweza kulianza mwaka huu akiwa na walimu wapya watatu na gari la idara. Atume barua Kinole kabla mvua za masika hazijaharibu barabara ya mlimani, aulize siku gani inawafaa wenyeji, na siku hiyo ikifika awe yeye wa kwanza kupanda gari.